Ubao Hauna Pambizo

Mwalimu Yotamu alipokohoa, Yunusu bin Isihaka aliandika kwamba mwalimu amekohoa. Hakufanya hivyo kwa mzaha. Penseli yake ilikuwa ikiikimbiza sauti ya mwalimu tangu kengele ilipolia, na penseli inayokimbia namna ile haina muda wa kuchagua. Mwalimu alisema hewa ya moto hupanda juu, Yunusu akaandika. Mwalimu alisema hewa ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, akaandika. Mwalimu akasema, "Wewe wa nyuma, funga dirisha hilo, tutakufa," na dirisha nalo likaingia daftarini, katikati ya hewa ya moto na hewa ya baridi, likakaa hapo kwa heshima zote.

Ulikuwa mwaka 1956, katika chuo cha ualimu kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Mbeya, kando ya njia iendayo Chunya. Vijana waliomaliza shule za kati walikaa hapo miaka miwili, wakatoka na cheti cha kufundisha shule za msingi. Lakini mwaka wa pili haukuwa wa kila mtu. Mtihani wa Desemba ulichuja, na aliyeanguka alifunga sanduku lake akarudi kwao, nafasi yake akapewa mwingine.

Yunusu alitoka Iringa mjini. Babake, Mzee Isihaka, aliuza vitambaa katika duka la mlango mmoja, na babu yake alikuja bara kutoka pwani na mzigo wa nguo akasahau kurudi. Katika mtaa wao hapakuwa na kijana aliyewahi kwenda kusomea ualimu. Wazee walimwambia Mzee Isihaka waziwazi kwamba anampoteza mtoto, na kwamba duka halitajiuza lenyewe. Mzee Isihaka aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akamwambia mwanawe: "Nenda. Lakini ukirudishwa, urudi dukani, na habari ya ualimu isisemwe tena nyumbani kwangu." Yunusu aliutaka ualimu kama mwenye kiu anavyotaka maji. Hakuwa na la pili.

Sasa, ili mtu asimcheke bure, lazima ajue Yunusu alifundwa wapi kusoma. Kabla ya shule ya serikali alisoma Kurani kwa Maalimu Mrisho, kwenye baraza nyuma ya soko. Kila mtoto alikuwa na ubao wake. Maalimu aliandika somo kwa wino wa masizi, mtoto akalisoma kwa sauti, akalirudia, akapepesuka nalo mbele na nyuma mpaka likakaa. Herufi moja ikipotea, fimbo. Siku ukilitoa lote bila kigugumizi, Maalimu alitikisa kichwa, na wewe ukaenda kuosha ubao wako kwa furaha, maana kuosha ndiko kulikoonyesha kwamba somo limehama, limetoka mtini limeingia kifuani. Mtoto mwenye ubao mchafu siku mbili tatu alionekana mzito. Na kuuliza maana hakukuwepo. Maana ilikuwa ya baadaye, ya watu wazima, wenye vitabu. Yunusu aliondoka kwenda shule kabla hajafika kwenye vitabu, na katika watoto wa Maalimu Mrisho hakuna aliyeosha ubao upesi kama yeye.

Kwa hiyo chuoni Mbeya alifanya alichokijua. Aliandika kwa penseli kila neno la mwalimu. Jioni aliuzunguka uwanja wa mpira na daftari lake, midomo ikicheza, mpaka somo lote likaingia. Kisha alikaa kitandani, akatoa raba, akafuta. Akafuta ukurasa mzima, polepole, kwa raha, mpaka ukawa mweupe.

Aliyemfumania ni Lutengano, jirani yake wa kitanda na wa dawati, mtoto wa wakulima wa kwenye vilima vya juu ya mji. Lutengano alikuwa kijana wa maneno mepesi, ambaye daftari lake lilikuwa na michoro mingi ya ng'ombe kuliko maandishi.

"Gwe Yunusu, unafuta nini?"

"Somo la leo. Nimekwisha lihifadhi."

"Sasa ukisahau je?"

"Sisahau."

Lutengano alimtazama, akaitazama ile raba, akaona labda ndiyo desturi ya watu wa mjini. Na kweli Yunusu hakuwa akisahau. Ungemwamsha usingizini ukamwambia, "Hewa," angekutolea somo lote la hewa, dirisha likiwemo.

Mtihani wa Juni ukaja. Swali la kwanza la Mwalimu Yotamu lilisema hivi: mkulima wa Ubaruku, bondeni, hupanda mpunga, na mkulima wa milimani Mbeya hupanda ngano; eleza kwa nini wasibadilishane mbegu. Yunusu alilisoma swali akasubiri. Alizoea kwamba ukitajiwa mwanzo, mengine huja yenyewe. Hayakuja. Ndani ya kichwa chake hapakuwa na sentensi inayoanza na mkulima wa Ubaruku. Alipekua huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alijua jibu limo humo ndani, kwa sababu yote yalikuwa humo, lakini hakujua liko sehemu gani, na njia pekee aliyoijua ya kufika katikati ya somo ni kuanzia mwanzo. Basi akaanzia mwanzo. Akaandika somo zima la hewa, kisha somo zima la mvua, kisha la udongo, mkono ukimuuma, mpaka kengele ikalia.

Karatasi iliporudi ilikuwa na maneno mekundu ya Mwalimu Yotamu chini kabisa: "Dirisha lilifungwa. Swali halikujibiwa."

Darasa lilicheka siku nzima. Yunusu alikuwa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa mgonjwa. Mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba Desemba akifanya vile atarudi kwao, na kwamba hilo si tisho, ni utaratibu tu. Yunusu alitoka mle ofisini kichwa kikimzunguka. Hasira hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kutoelewa, kutoelewa kupana kusikokuwa na mlango. Lutengano alikumbuka nusu ya alichofundishwa, na alifaulu. Yeye alikumbuka yote akaanguka. Kama kujua siyo kujua, basi kujua ni nini?

Aliuliza watu, nao wakamchanganya zaidi. Saulo, aliyekuwa wa kwanza darasani na asiyeacha kukukumbusha hilo, alimwambia apige mstari chini ya maneno muhimu. "Yapi muhimu?" Yunusu akauliza. "Yale mwalimu anayoyarudia," Saulo akajibu. Yunusu akasikiliza kwa makini wiki nzima, akagundua kwamba neno ambalo Mwalimu Yotamu alilirudia kuliko yote ni "eeh, kwa hiyo". Akalipigia mstari kila lilipotokea. Daftari likapendeza, na yeye akabaki palepale.

Lutengano alimshauri aandike kidogo. "Mimi naandika ile maneno inanishika tu. Yale mengine nayaacha yapite."

Yunusu akajaribu. Kujizuia asiandike kulimtesa. Jioni alipofungua daftari alikuta maneno matatu: "Jua. Mteremko. Siyo!" Alikaa nayo mpaka chakula cha jioni bila kujua kitu gani siyo.

Mwalimu Yotamu mwenyewe, alipoombwa msaada, alivua miwani, akasema, "Acha kukariri, elewa." Akavaa miwani, akaenda zake. Yunusu alisimama kwenye ukumbi akilirudia neno hilo. Elewa. Alikuwa tayari kuelewa. Angeelewa usiku na mchana, mvua na jua, kama angetokea mtu wa kumwambia unaanzaje.

Likizo ilipofika alipanda lori kwenda Iringa na siri yake. Mamake, Bibie, alimpikia wali wa nazi kana kwamba ametoka vitani, akamuuliza kama Mbeya wanakula. Babake aliuliza swali moja tu, "Unaendelea?" Yunusu akadanganya, "Naendelea, Baba," akainamia sahani yake.

Mzee Isihaka alikuwa na desturi yake. Baada ya sala ya alasiri alifunga duka akaenda kwenye darasa la watu wazima pale msikitini, ambako Maalimu Mrisho yuleyule wa mbao alisomesha kitabu cha fikihi, yaani sheria za ibada, mstari kwa mstari, wanaume wakikaa duara kila mmoja na kitabu chake magotini. Mwaka ule macho ya Mzee Isihaka yalikuwa yameanza kumsumbua. Akamwambia Yunusu, "Njoo unishikie kitabu. Wewe soma, mimi nitasikia."

Yunusu hakuwahi kukishika kitabu kile. Kilikuwa kikiwekwa juu ya kabati, na watoto walikatazwa hata kukielekezea kidole. Alikifungua magotini akapigwa na butwaa. Katikati ya kila ukurasa palikuwa na maandishi ya chapa, safi, yaliyonyooka. Lakini kandokando, katika nafasi nyeupe ya pambizo, juu, chini, pembeni, palijaa mwandiko wa babake. Ulipanda, ukashuka, ukageuka, mahali pengine ukaandikwa kichwa chini miguu juu kwa kukosa nafasi. Yunusu alisoma moja karibu na dole gumba lake, kwenye mlango wa maji ya kutawadhia: "Na maji ya Ruaha Mdogo wakati wa masika, yakiwa mekundu kwa udongo?" Chini yake, kwa wino mwingine, wa siku nyingine: "Yanafaa. Udongo hauharibu." Akafunua ukurasa wa pili. "Hapa sikufahamu." Wa tatu. "Hapa sikufahamu. Kwani juu hakusema kinyume?" Wa nne. "Maalimu ameeleza, lakini bado."

Yunusu alisahau kusoma. Duara zima likamgeukia.

"Soma," babake akamwambia.

Akasoma, lakini sauti ilitoka yenyewe tu, yeye hayumo. Alikuwa akimfikiria babake, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwona akishindwa jambo, anayetajwa mtaani kwa elimu yake, akiandika kwa mkono wake mwenyewe, mara baada ya mara, kwamba hakufahamu.

Njiani kurudi nyumbani alikosa subira. "Baba, yale uliyoandika pembeni..."

"Umeyasoma."

"Niwie radhi. Nilidhani kitabu hakiandikwi."

"Maneno ya kitabu hayaguswi. Pembeni ni pangu." Mzee Isihaka alitembea kidogo. "Bila pale pembeni mimi ningekuwa kasuku."

"Kuna mahali uliandika hukufahamu, na hakuna jibu chini."

"Bado sijapata."

"Ni zamani?"

"Kabla hujazaliwa."

"Na unaendelea kukisoma hivyo hivyo?"

Babake akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nifanyeje, nikifunge?"

Walipita sokoni, wakapita baraza la Maalimu Mrisho, na mbao za watoto zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikikauka baada ya kuoshwa, nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Ndipo lilipomwingia, na lilimwingia vibaya, kwa uchungu, kama mtu anayegundua amevaa shati ndani nje tangu asubuhi. Ubao hauna pambizo. Miaka yote hii alikuwa akienda darasani na ubao. Alifika chuo cha watu wazima akaendelea kuosha. Hakuna aliyemwambia kwamba pana hatua nyingine, kwa sababu kila aliyeijua hatua hiyo alidhani kila mtu anaijua.

Siku aliyorudi Mbeya baridi ilikuwa imekaza, na nyasi za uwanja asubuhi zilikuwa na unga mweupe wa barafu. Yunusu alikaa kitandani na rula, akapiga mstari kutoka juu hadi chini kwenye kila ukurasa wa daftari jipya, akiacha upande wa kulia mtupu. Raba akampa Lutengano, aliyeifurahia sana kwa sababu ya ng'ombe zake.

Kushoto aliandika alichosema mwalimu, kwa herufi za shule, sasa kwa wino, kwa ufupi kadiri moyo wake ulivyoweza kuvumilia. Kulia aliandika yake, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu. Alichagua herufi hizo kwa sababu mkono wake ulikwenda nazo upesi, na kwa sababu hakutaka Saulo asome aibu yake. Herufi zile huanzia kulia, kwa hiyo maandishi mawili yalikuja yakielekeana, moja kutoka huku, jingine kutoka kule, yakakutana kwenye mstari.

Mtu angedhani sasa mambo yalinyooka. Hayakunyooka hata kidogo. Zamani Yunusu hakuelewa lakini alikuwa na amani. Sasa hakuelewa kwa maandishi. Kila somo lilimwachia pembeni rundo la "hapa sijafahamu", "kwa nini?", "mbona jana?", na kila alipolipatia swali moja jibu, jibu lenyewe lilizaa mawili. Kulikuwa na siku upande wa kulia ulijaa kabla wa kushoto haujafika nusu. Alilala na kuamka na wasiwasi kwamba ameukimbia moto akaingia mtoni. Desemba ilikuwa inakuja, na yeye badala ya kujaza kichwa alikuwa anakitoboa.

Lutengano ndiye aliyelifanya zoezi hilo liwe na faida, na alifanya hivyo kwa uvivu. Hakupenda kusoma daftari lake mwenyewe. Basi alasiri, wakipalilia kabichi za chuo, alimwambia Yunusu, "Niulize yale ya pembeni." Yunusu akafunika upande wa kushoto kwa kiganja, akamsomea swali la kulia, na wote wawili wakajaribu kulijibu kwa maneno yao, bila kutazama. Walipokwama waliinua kiganja. Walipogombana waliinua tena. Swali lililojibika Yunusu alilipiga mstari. Ile habari ya Ubaruku na ngano waliimaliza siku hiyo hiyo, Lutengano akieleza maji ya bondeni na baridi ya kwao, Yunusu akichukua maneno ya mwalimu moja moja kutoka pale yalipokuwa, bila kuanzia mwanzo. Alipogundua alichofanya, jembe likamponyoka.

Lakini swali moja liligoma. Liliandikwa mwezi Oktoba, na kila walipolifikia walisimama wakaegemea mipini ya majembe.

"Mimi nimezaliwa kwenye baridi," Lutengano alisema. "Sijawahi kuiuliza inatoka wapi. Hiyo swali yako iache, itakuletea mambo."

Yunusu hakuliacha. Na mambo yalikuja.

Mwishoni mwa Novemba Mwalimu Yotamu alikagua madaftari ya darasa zima. Alikuwa mtu wa misheni, mwembamba, mkali, aliyefundisha kwa kusoma kutoka daftari lake la zamani lenye jalada la gunia, alilolishona mwenyewe. Alipofika dawati la Yunusu alifunua ukurasa, akasimama. Akafunua mwingine. Darasa likaona shingo yake ikibadilika rangi.

"Hii ni nini?"

"Ni daftari la somo lako, mwalimu."

"Nauliza hii." Kidole kilikuwa upande wa kulia, juu ya herufi za Kiarabu. "Kila ukurasa. Ni dua hizi? Ni hirizi? Ndivyo unavyotaka kufaulu Desemba, kwa kuyaandikia maneno yangu makombe?"

Saulo akacheka. Yunusu aliweka kalamu chini. "Hapana, mwalimu. Ni mambo nisiyoyafahamu."

"Basi simama utusomee, tuyasikie wote. Hili hapa."

Kati ya yote yaliyokuwemo, kidole kilitua kwenye lile swali la Oktoba. Yunusu alisimama. Angeweza kudanganya, kwa kuwa hakuna mtu chumbani ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia, likakaa, na yeye hakujua kwa nini hakulifuata. Akasoma.

"Mwalimu amesema hewa ya moto hupanda juu na ya baridi hushuka chini. Leo amesema milimani kuna baridi na mabondeni kuna joto. Lori likitoka Ruaha Mbuyuni, kwa mjomba, tunavua makoti. Likipanda kuja Iringa tunayavaa. Mbeya ni juu zaidi, na tunalala na mablanketi mawili. Kama hewa ya moto yote imepanda, mbona hatuikuti huku juu? Mojawapo si kweli, au mimi sijafahamu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Yotamu alirudi mezani kwake, akafungua daftari lake la gunia, akatafuta ukurasa, akaweka kidole. Akatafuta mwingine nyuma yake, akaweka kidole cha pili. Alikaa hivyo muda mrefu, vidole viwili katika kurasa mbili. Kisha akalifunga, akachukua daftari la Yunusu kwapani pamoja na lake, akatoka. Kengele ilikuwa bado haijalia.

"Nilikwambia," Lutengano akasema.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Daftari halikurudi. Mwalimu Yotamu alifundisha mengine, akampita Yunusu kwa macho kana kwamba dawati lile halina mtu. Yunusu alijiona amekwisha. Hakuelewa kosa lake ni lipi, kuandika, kusoma, au kutodanganya. Alianza kukunja nguo zake kidogo kidogo sandukuni, ili siku ya siku isimkute na haraka.

Siku ya mtihani maswali yalikuwa kwenye karatasi, isipokuwa la mwisho. Hilo Mwalimu Yotamu aliliandika ubaoni kwa mkono wake, chaki ikilia: "Hewa ya moto hupanda juu. Milimani kuna baridi. Eleza." Kisha akakaa, akatazama nje.

Yunusu aliyajibu yale mengine moja moja, kila moja akalikuta mahali pake. Alipofika kwenye lile la ubaoni alitamani kulia. Lilikuwa lake, na hakuwa na jibu. Baada ya kulitazama sana aliandika alichokuwa nacho: yapi anayajua, yapi ameyaona mwenyewe kutoka Ruaha mpaka Mbeya, na ni mahali gani hasa yanakataa kukaa pamoja. Mwisho aliandika, "Hapa sijafahamu," kwa herufi za shule, waziwazi, akakabidhi karatasi.

Matokeo yalibandikwa mlangoni mwa ofisi. Yunusu hakuthubutu kwenda. Lutengano alikwenda akarudi akisema wamefaulu wote wawili, na kwamba Saulo ni wa kwanza tena, na kwamba Yunusu anaitwa na Mwalimu Yotamu, mara moja. Yunusu hakupata hata nafasi ya kufurahi. Alisimama akiwa amefaulu na ameitwa, asijue ashike lipi.

Mwalimu alikuwa peke yake darasani. Mbele yake yalikuwepo madaftari mawili, la Yunusu na lile la gunia.

"Wengi walijibu swali la mwisho," alisema. "Saulo alijaza ukurasa. Uongo mtupu, lakini umenyooka." Akalisukuma daftari la Yunusu kidogo. "Wewe ulionyesha mahali lilipovunjika. Nimekupa alama kwa hilo."

"Ahsante, mwalimu." Kisha, kwa sababu alikuwa amelala nalo tangu Oktoba, akauliza. "Sasa jibu ni lipi?"

Mwalimu Yotamu alivua miwani. "Sijui."

Yunusu akadhani hakusikia vizuri.

"Mimi niliandikishwa haya nikiwa kama wewe," mwalimu aliendelea. "Ukurasa huu siku moja, ule siku nyingine. Niliyameza yote. Tangu nianze kazi nimewasomea vijana wote waliopita hapa, nao wameandika, nao wamekwenda kuwasomea watoto. Hakuna aliyesimama. Wala mimi sikusimama." Aliitazama miwani mkononi. "Ile siku nilikasirika sana. Nilifika nyumbani ndipo nikajua sikukukasirikia wewe."

Yunusu hakujua atazame wapi. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtu mzima akisema hivyo, isipokuwa kwenye pambizo.

"Nionyeshe," Mwalimu Yotamu akasema. Akamfungulia daftari la gunia, akaweka kalamu juu yake. "Swali kama hili unaliandika wapi?"

Yunusu akainama. Daftari lilikuwa limejaa. Mwandiko mdogo, mzuri, wa kijana aliyekuwa na karatasi chache na bidii nyingi, ulianzia ukingo huu ukaishia ukingo ule, juu mpaka chini, bila nafasi ya kupitisha sindano. Akafunua ukurasa wa pili, na wa tatu, akitafuta. Kote ni hivyo.

"Hapana nafasi, mwalimu," alisema, na kabla hajajizuia akaongeza, "itabidi uandike upya."

Yunusu alitamani maneno yale yarudi kinywani.

Mwalimu Yotamu akavuta droo ya meza, akatoa daftari jipya, akalifungua ukurasa wa kwanza, akalisogeza mbele ya mwanafunzi wake pamoja na rula.

"Nilidhani utasema hivyo," alisema. "Nipigie huo mstari."